Nafsi ya Mlimani: Jinsi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Kilivyopata Tabia Yake

Wahenga walinena kuwa nyumba njema si mlango, na anayetaka kuijua sharti aingie ndani. Msemo huo wafaa pia kwa vyuo vikuu. Ukivitazama kwa nje, vyuo vikuu vyote vya dunia vinafanana kama mapacha. Kila kimoja kina kumbi za mihadhara, maktaba, mabweni, wahadhiri na wanafunzi; kila kimoja kina siku ya mahafali ambapo watu huvaa majoho na kutunukiwa shahada huku wazazi wakipiga vigelegele. Hata vitabu vinavyosomwa humo aghalabu ni vile vile. Lakini mtu akitaja Al-Azhar ya Kairo, iliyoanza katika karne ya 10, au Makerere ya Kampala, iliyoanza mwaka 1922, au Mlimani ya Dar es Salaam, msikilizaji hafikirii majengo peke yake. Hufikiria tabia fulani, msimamo fulani, kana kwamba ametajiwa mtu anayemfahamu.

Jambo hilo, ambalo katika makala haya nitaliita nafsi ya chuo, latoka wapi? Je, huwekwa na sheria ya Bunge? Je, huletwa na walimu mashuhuri? Na wanafunzi wanapohitimu na kuondoka kila mwaka, na walimu wanapostaafu, ni nani anayeitunza nafsi hiyo isipotee? Nitajaribu kuyajibu maswali haya kwa kuitazama historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Yafaa niseme mapema kwamba mimi mwenyewe sikusoma Mlimani. Nilimaliza shule ya sekondari nikaingia katika kazi ya ukarani serikalini. Nakitazama Chuo kama anavyokitazama mwananchi aliyebaki kijijini na kumwona mwenzake akipelekwa mbali kusoma. Na kama nitakavyoeleza, huenda huyo aliyebaki ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuuliza.

Chuo hicho kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru wa Tanganyika wa tarehe 9 Desemba. Hapakuwa na mlima wala ukumbi. Chama cha TANU kilitoa jengo lake katika Mtaa wa Lumumba, na humo wakaanza kusoma wanafunzi wachache mno, wasiofika hata ishirini. Wote walisoma sheria. Wakati huo Makerere haikufundisha sheria, wala chuo cha Nairobi hakikufundisha. Kwa hiyo kijana wa Kenya au Uganda aliyetaka kuisoma sheria katika Afrika Mashariki alilazimika kuja Dar es Salaam. Mkuu wa kwanza wa Chuo alikuwa Cranford Pratt, raia wa Kanada. Shahada zilitolewa kwa jina la Chuo Kikuu cha London.

Hapo mwanzoni tunaona tayari mambo mawili yanayovutana. Nyumba ilikuwa ya chama cha wananchi waliodai uhuru wao, lakini mtaala na shahada vilikuwa vya London. Mtoto alizaliwa katika nyumba ya baba mmoja akapewa jina la baba mwingine. Mwaka 1963 Chuo kiliunganishwa na vile vya Makerere na Nairobi kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kilihamia katika kilima kilichoko kiasi cha kilomita 13 kutoka katikati ya mji. Kuanzia hapo watu wakakiita Mlimani.

Kuhamia kilimani kulikuwa na faida zake: hewa safi, nafasi ya kujenga na utulivu wa kusomea. Kulikuwa na hatari pia. Mtu akikaa juu huona mbali, lakini huwaona watu wa chini kuwa wadogo. Mwalimu Julius Nyerere aliifahamu hatari hiyo. Katika miaka ile ya mwanzo alitoa mfano ambao wengi wetu tulifundishwa shuleni. Alimfananisha msomi na mtu wa kijiji chenye njaa aliyepewa chakula chote kilichobakia, ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na msaada. Mtu huyo akila chakula kile kisha asirudi, atakuwa amewasaliti ndugu zake. Kwa mfano huo Chuo kilipewa swali lake: Je, mjumbe atarudi?

Swali hilo halikukaa muda mrefu bila kujaribiwa. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Masharti hayo yaliwataka wahitimu watumikie taifa kwa miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wapokee asilimia 40 tu ya mshahara ambao wangestahili. Waandamanaji walibeba mabango, na mojawapo lilisema kwamba afadhali enzi za ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawajibu kwa hasira na kwa huzuni. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa, na wake mwenyewe ukiwamo, ilikuwa minono kupita kiasi. Akaupunguza wa kwake kwa asilimia 20, na mishahara ya viongozi na watumishi wa juu ikapunguzwa pia. Wanafunzi karibu 400, wengi wao wa Chuo Kikuu, walirudishwa makwao. Walio wengi walikubaliwa kurejea masomoni mwaka uliofuata.

Wapo wanaolisimulia tukio hilo kama aibu ya wanafunzi, na wapo wanaolisimulia kama ukali wa serikali. Mimi naliona kama siku ambayo Chuo kiliacha kuwa tawi la London lililopandikizwa pwani ya Bahari ya Hindi. Tangu siku hiyo hapana mtu Mlimani, awe mwalimu au mwanafunzi, aliyeweza kusoma kana kwamba swali la wajibu wa msomi halimhusu. Liliingia darasani, bwenini na hata katika chumba cha kulia.

Miezi michache baadaye, tarehe 5 Februari, 1967, Azimio la Arusha likatangazwa. Mwezi Machi mwaka huo Chuo kiliitisha mkutano wa kujadili nafasi yake katika nchi ya kijamaa. Watu walibishana kwa siku tatu. Baadhi walitaka Chuo kibaki na viwango vinavyotambulika ng'ambo. Wengine waliuliza viwango hivyo ni vya nani na vilipimwa kwa kipimo gani. Kutokana na mabishano ya namna hiyo mtaala ukaanza kubadilika. Lilianzishwa somo la pamoja lililowataka wanafunzi wa fani mbalimbali kujifunza juu ya uchumi na jamii ya Afrika Mashariki, na baadaye likawa somo la taaluma za maendeleo, la lazima kwa kila mwanafunzi. Ikawa hata anayesomea hesabu au uhandisi hana budi kueleza kwa nini nchi yake ni maskini.

Mabadiliko yaliyoacha alama ya kudumu zaidi, kwa maoni yangu, yalitokea katika Idara ya Historia. Vitabu vya wakoloni vilikuwa vimetufunza kwamba Afrika haikuwa na historia kabla ya kuja kwa Wazungu. Walimu wa idara ile, kwanza chini ya Terence Ranger na baadaye chini ya wenyeji kama Isaria Kimambo, walikataa jambo hilo. Mwaka 1968 wanafunzi walitumwa kwenda kuwahoji wazee juu ya Vita vya Majimaji vya miaka ya 1905 hadi 1907. Hebu fikirini maana yake. Kijana aliyepelekwa Mlimani akasome kwa wataalamu anarudishwa kijijini, anaketi kigodani mbele ya babu asiyejua kusoma, na babu huyo ndiye anayekuwa mwalimu. Mwaka uliofuata Kimambo na Arnold Temu walihariri kitabu cha historia ya Tanzania kilichosomwa katika shule nyingi. Naye Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha Mlimani hadi mwaka 1974, alichapisha mwaka 1972 kitabu chake juu ya jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na kitabu hicho kikaifanya Dar es Salaam ijulikane dunia nzima.

Jambo kama hilo lilitokea katika fasihi na lugha. Ebrahim Hussein aliandika tamthilia ya Kinjeketile akiwa bado mwanafunzi, ikachapishwa mwaka 1969. Euphrase Kezilahabi alihitimu mwaka 1970, na mwaka uliofuata riwaya yake ya Rosa Mistika ikatoka. Kamati ya Kiswahili iliyoundwa na wakoloni mwaka 1930, baada ya kuhamahama katika Afrika Mashariki, ilitua Chuoni mwaka 1964 na hatimaye ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Mwaka 1970 Idara ya Kiswahili ikaanzishwa, na humo Kiswahili kikafundishwa kwa Kiswahili. Wakati huo wengi waliamini kwamba lugha yetu yafaa sokoni na katika mashairi, lakini haiwezi kubeba mzigo wa elimu ya juu.

Hapa ndipo Mlimani iliponifikia mimi niliyebaki chini. Mwaka 1981 Taasisi ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Miaka ilipopita nikaikuta ofisini, imechakaa jalada, juu ya meza niliyopewa nilipoanza kazi. Kila nilipoandika barua ya serikali nikasita katika neno, niliifungua. Kila nilipotunga shairi nikatafuta kina, niliifungua. Sikuwajua walioitunga, nao hawakunijua. Lakini chakula kile cha kijijini kilikuwa kimeniletea kitu. Kwa hiyo sitakubali mtu aniambie kwamba nafsi ya chuo hukaa katika kuta zake. Hukaa katika kile kinachotoka humo na kuwafikia wasioingia.

Tarehe 1 Julai, 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na kila nchi ikabaki na chake. Mwalimu akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Pius Msekwa, aliyekuwa mtendaji mkuu wa TANU, akawa Makamu wake. Wito wa Chuo ukawa "Hekima ni Uhuru". Maneno hayo matatu yataka kufikiriwa vizuri. Hayasemi kwamba hekima ni cheo wala ni mshahara. Yanasema ni uhuru. Na mwenye uhuru huuliza, hata pale anapoulizwa yeye.

Hapo ndipo palipokuwa na fundo gumu. Serikali ilitaka wasomi wenye fikra huru watakaoijenga nchi. Lakini fikra huru haina mipaka ya kupangiwa. Mwaka 1969 wanafunzi wa mrengo wa kushoto walianzisha jarida lililoitwa Cheche, na katika kurasa zake Issa Shivji aliandika kwamba mapambano ya kitabaka yalikuwa yakiendelea kimya kimya ndani ya nchi yenyewe. Mwezi Novemba 1970 jarida hilo lilipigwa marufuku. Mwaka 1971 kiongozi wa wanafunzi, Simon Akivaga, alifukuzwa Chuoni kwa kuukosoa uongozi, na wenzake wakasusia masomo. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi. Mamia wakafukuzwa, na baadaye wakasamehewa. Mwaka 1990 Chuo kizima kilifungwa kwa miezi kadhaa.

Msomaji makini atakuwa ameona jambo la ajabu. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kudai nafasi zao wenyewe, na rais akawauliza juu ya wananchi maskini. Mwaka 1978, baada ya miaka 12 tu, wanafunzi wa Chuo kile kile waliandamana na kuwauliza viongozi juu ya wananchi maskini. Swali lilikuwa lile lile. Aliyeuliza ndiye aliyebadilika. Na wale wa mwaka 1978 hawakuwa wale wa mwaka 1966, kwani hao walikwisha kuhitimu zamani. Basi nani aliwarithisha swali? Walirithishwa na masomo, na mabishano ya usiku bwenini, na ule uwanja ulio karibu na Ukumbi wa Nkrumah, ambapo kila kizazi kilihadithiwa mambo ya kizazi kilichotangulia. Ndivyo nafsi ya chuo inavyotunzwa. Mwanafunzi hukaa miaka mitatu au minne, bali swali hukaa.

Si kila jaribio la kuijenga nafsi hiyo lilifanikiwa. Mwaka 1974 Azimio la Musoma liliagiza kwamba vijana wasiende Chuo Kikuu moja kwa moja kutoka sekondari, bali kwanza watumikie Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi, kisha wapendekezwe na wale waliofanya nao kazi. Nia ilikuwa njema: msomi achaguliwe na wafanyakazi wenzake, na darasani aje na uzoefu wa maisha. Lakini idadi ya wasichana ilishuka, kwa kuwa wengi waliingia katika ndoa na ulezi kabla ya kurudi masomoni, na baada ya muda mfupi ikabidi walegezewe sharti. Katika miaka ya 1980 utaratibu huo uliachwa. Funzo lake ni kwamba kanuni inaweza kumfikisha mtu mahali, lakini haiwezi kumpa moyo wa mahali hapo.

Mtihani mwingine ulikuwa wa kugawanyika. Kitivo cha Kilimo kilichokuwa Morogoro kilikuwa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Utabibu wa Muhimbili na taaluma za ardhi navyo vikajitenga, na mwaka 2007 vikawa vyuo vikuu kamili. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza. Tangu miaka ya 1990 vyuo vya watu binafsi na vya mashirika ya dini viliruhusiwa, na wazazi na wanafunzi wakatakiwa kuchangia gharama za elimu ya juu. Kisha mwaka 2004 sheria ya Bodi ya Mikopo ikatungwa. Mlimani ambayo zamani ilikuwa Chuo Kikuu pekee cha nchi imekuwa ndugu mkubwa katika ukoo mpana.

Ndugu mkubwa huyo ana vitu vya kujivunia. Picha ya Ukumbi wa Nkrumah imewahi kuchapwa katika noti ya shilingi 500. Mwaka 2008 kilianzishwa Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha taaluma za Umajumui wa Afrika, na aliyekikalia kwanza ni yule yule Issa Shivji ambaye maandishi yake yalikuwa katika jarida lililofungiwa. Hilo nalo ni funzo: chuo chenye nafsi hakiwaogopi siku zote waliokisumbua, bali huja siku kikawapa kiti. Mwaka 2018 ilifunguliwa maktaba mpya kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China. Na kilima chenyewe sasa chaitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere.

Lakini jina si mwenye jina. Hatari ya siku hizi, ninavyoiona, si kwamba Chuo kitasahau historia yake. Historia yake inakumbukwa sana, inaadhimishwa, imepambwa katika mabango. Hatari ni kwamba itakumbukwa kama sifa, isiulizwe tena kama swali. Mwanafunzi anayesoma kwa mkopo ana haki ya kufikiria kwanza jinsi atakavyoulipa na mahali atakapopata kazi, simlaumu. Wa mwaka 1966 alisomeshwa bure na kazi ilimngoja, na hata hivyo alinung'unika. Lakini mkopo wa Bodi una kiasi chake na una siku ya kumalizika. Deni la chakula cha kijijini halina stakabadhi, na kwa sababu hiyo ni rahisi kulisahau.

Walimu na wanafunzi wa sekondari mnaosoma makala haya mnaweza kusema kwamba mambo haya ni ya Chuo Kikuu, nanyi hamjafika huko. Sivyo. Kila shule ina nafsi yake, au inaikosa. Itazameni yenu. Wimbo wa shule na rangi ya sare ni mlango tu. Ulizeni: Je, shule hii ilijengwa na nani, kwa jasho la nani? Wenyeji wa kijiji kinachoizunguka wamepata nini kutoka kwetu, zaidi ya kelele za kengele? Wanafunzi waliotutangulia walibishana juu ya nini? Kama hakuna anayejua, nendeni mkawaulize wazee, kama walivyofanya wale vijana wa mwaka 1968. Mtakuwa mmeanza kuijenga nafsi ya shule yenu siku hiyo hiyo.

Nilipokuwa karani kijana niliwahi kutunga ubeti juu ya jambo hili, nami naona kwamba bado wanitosha:

Nyumba ya wenye hekima, si nguzo wala si dari,
Bali swali la daima, lisilokwisha kujiri,
Aliyeshiba kusoma, ajue yupo fakiri,
Mjumbe asiporudi, kijiji chalala njaa.